Shajara ya mradi: kutafuta kingamwili ya GATA1 isiyotudanganya

Shajara hii ni ya mtu mwenye maabara ndogo kama yetu hapa Dar es Salaam: friza moja ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kabati moja la kukuzia seli, na bajeti ambayo kichupa kimoja kikiharibika pengo linaonekana. Tunatafuta kingamwili, yaani protini ya kinga ya mnyama inayong'ang'ania kitu kimoja, itakayotuonyesha protini ya GATA1 na si nyingine. Shajara naiongeza kila hatua inapokwisha. Mambo ambayo kila mtu anayajua, kama kumimina jeli, kuhamishia protini kwenye utando na kuosha, nitayaruka. Nitakaa pale tulipokwama.

Majina ya makampuni sitayataja. Kingamwili ileile ya kampuni ileile, ikiwa ya loti nyingine (mkupuo mwingine wa utengenezaji), inaweza kukupa jibu jingine. Natia aina yake, mnyama iliyotoka, na sehemu ya protini inayolengwa. Hivyo ndivyo vya kutazama ukiwa unanunua.

10 Februari 2025: kuagiza

Mwisho wa safari tunataka kuona GATA1 ikishika DNA, au ikishindwa kushika, mbele ya jeni ya ACKR1. Hiyo ndiyo jeni ya kipokezi cha Duffy, mlango ambao kimelea cha malaria Plasmodium vivax huutumia kuingia kwenye chembe nyekundu. Wengi wetu wa ukanda huu hatuna mlango huo kwenye chembe nyekundu. Mwaka 1995 Tournamille na wenzake kule Ufaransa walionyesha sababu: herufi moja ya DNA, T, imegeuka C palepale ambapo GATA1 ilitakiwa ishike. Jeni yenyewe ni nzima, na seli za kuta za mishipa midogo ya damu zinaendelea kuitumia. Kiwanda cha chembe nyekundu ndicho kilichofungiwa nje, kwa kuwa chenyewe hutegemea GATA1.

GATA1 ni protini ya kuwasha na kuzima jeni nyingine. Ina asidi amino 413, jeni yake iko kwenye kromosomu X, na ina vidole viwili vya zinki vinavyoshika DNA palipoandikwa GATA. Jina lilitoka hapo. Jambo ambalo Februari sikulipa uzito: ina ndugu watano, GATA2 hadi GATA6, na vidole vya ukoo huu vinafanana kama vya mapacha.

Nilichagua kingamwili kama wachaguavyo wengi. Nikatafuta ile iliyotajwa kwenye makala nyingi kuliko zote, nikaagiza. Ni poliklonali ya sungura, yaani mchanganyiko wa kingamwili nyingi kutoka damu ya sungura aliyechanjwa, inalenga katikati ya protini, kwenye vidole vya zinki vyenyewe. Shilingi 1,950,000 mpaka mlangoni. Waandishi wa makala hizo waliipimaje, sikuuliza. Hilo ni kosa la kwanza.

Seli tulikuwa nazo kwenye naitrojeni ya maji. K562, zilizotoka kwa mgonjwa wa saratani ya damu, zina GATA1 tele. Jurkat ni seli T za saratani ya damu pia, nazo hazina GATA1. Jurkat niliziyeyusha kwa sababu Prof alisisitiza. Mimi niliona ni kupoteza chakula cha seli.

18 Machi: mzigo umefika

Wiki 5 na siku 1. Boksi lililala uwanja wa ndege Jumamosi na Jumapili, na mafurushi ya barafu yalikuwa maji vuguvugu. Niliingiwa na wasiwasi, lakini kingamwili iliyohifadhiwa kwenye gliseroli inavumilia siku chache za joto kuliko inavyovumilia kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Kwa hiyo tuliigawa siku hiyohiyo kwenye vichupa vya mikrolita 10 na kuviweka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Angalizo: isiwe friza ya nyumbani inayojiyeyushia barafu yenyewe. Hiyo hupanda na kushuka joto kila siku bila wewe kujua, na baada ya miezi miwili unailaumu kampuni.

27 Machi: bendi nzuri kuliko zote

Westani bloti ya kwanza: protini za seli hutenganishwa kwa uzito kwenye jeli, huhamishiwa kwenye utando, na kingamwili huonyesha yake kama mstari, yaani bendi. Kwa hesabu ya uzito GATA1 inapaswa kuwa karibu kilodaltoni 43 (kipimo cha uzito wa protini), ila kwenye jeli hutembea taratibu kidogo na kuonekana kati ya 47 na 50. Tulipata bendi moja, nene, safi, karibu 48.

Kabla ya hapo tulipoteza siku mbili kwenye kuvunja seli. GATA1 iko ndani ya kiini, imeshikamana na DNA, na ukivunja seli kwa bafa peke yake unapata ute unaovutika kama mlenda. Pipeti haiunyonyi, na ukiuzungusha kwenye sentrifuji nusu ya protini yako inabaki na ute chini. Dawa yetu: pitisha sampuli kwenye sindano ya insulini mara 10 hadi 15, polepole, kichupa kikiwa ndani ya barafu. Sindano ya shilingi 300 ilifanya kazi ambayo nilikuwa nimeshaianzia barua ya kuombea mashine.

Nilipiga picha ya bloti, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la maabara. Pongezi zikamiminika. Prof akaandika mstari mmoja: "Hongera mwanangu. Jurkat iko wapi?"

4 Aprili: Jurkat iko hapa

Nikarudia, K562 upande huu na Jurkat upande ule, protini mikrogramu 20 kila njia (safu ya sampuli moja kwenye jeli). Bendi ikatokea kote kuwili. Ya Jurkat ilikuwa nyembamba kidogo, lakini mahali ni palepale, karibu 48.

Siku nzima nilijidanganya kwamba sampuli zimemwagikiana. Nikarudia na njia mbili tupu katikati. Jibu halikubadilika.

Jurkat hazina GATA1, ila GATA3 zinayo, na kwa jeli yetu uzito wa GATA3 hauwezi kutofautishwa na wa GATA1. Kingamwili yetu ilitengenezwa kwa kumchanja sungura sehemu ambayo ndugu wote wanafanana. Sungura hakukosea. Alijibu alichoonyeshwa. Ile bendi "nzuri" ya K562, basi, ni ya nani? K562 zina GATA1 na GATA2 pia. Huenda nilikuwa nawatazama wawili wamesimama mahali pamoja.

Usiku huo nilisoma nilichopaswa kusoma Februari. Mwaka 2016 Uhlén na wenzake walipendekeza njia tano za kuthibitisha kingamwili. Iliyo karibu zaidi na uwezo wetu ni kuinyamazisha jeni na kuona kama bendi inapungua. Nyingine ni kutumia kingamwili mbili zinazolenga sehemu tofauti za protini ileile. Mwaka 2023 kundi la YCharOS lilichapisha majaribio ya kingamwili 614 za kununuliwa, kwa protini 65 za binadamu, wakilinganisha kila moja na seli zilizoondolewa jeni husika, na nyingi zilianguka. Kumbe sikuwa peke yangu. Nafuu yenyewe ilikuwa ndogo.

22 Aprili hadi 9 Mei: kunyamazisha jeni

Hapa ndipo muda mwingi ulikokwenda. siRNA (kipande kifupi kinachoharibu RNA, nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini) ya GATA1 pamoja na ile isiyolenga kitu: shilingi 1,600,000. Dawa ya mafuta ya kuingizia siRNA kwenye seli: 1,100,000.

Majaribio matatu ya mafuta, matatu yote bure. K562 huelea, hazijishikizi chini ya chombo, na dawa hiyo haikuzipenda kabisa. PCR, tuliyopimia wingi wa RNA, ilionyesha ile ya GATA1 imebaki asilimia 80 na kitu. Tukaongeza dawa, seli zikafa. Tukapunguza, hazikujua kama kuna kilichotokea. Ile 1,100,000 ihesabiwe imezama.

Kilichofaa ni mshtuko wa umeme, na mashine hiyo sisi hatuna. Kuna maabara upande wa pili wa mji wanayo, wakatukaribisha kwa roho safi. Tatizo likawa kuzisafirisha seli kwenye foleni za asubuhi. Suluhisho la fundi sanifu wetu: chupa ya chai ya lita 2, maji ya nyuzi 37, chupa ndogo za seli zimefungwa vizuri na kuning'inizwa ndani. Bajaji kwenda na kurudi shilingi 30,000. Dereva aliuliza kama chai imebaki. Kwenda dakika 50, seli hai asilimia 92. Kurudi tukanyeshewa, asilimia 88. Yanatosha.

Baada ya saa 48 RNA ya GATA1 ilibaki asilimia 24. Safi. Tukapakia jeli tukitegemea bendi kufifia kwa robo tatu. Haikufifia. Ukiikodolea macho labda ilipungua kidogo, nami niliikodolea sana.

Mwenzangu aliyekuwa akifanya PCR akapima GATA2 kwa sampuli zilezile. Ilikuwa imepanda karibu mara mbili. Inajulikana kwamba GATA1 huikandamiza GATA2 seli inapokomaa kuelekea chembe nyekundu. Ukimwondoa mmoja, mwingine anainuka, na kingamwili yetu isiyobagua ikawahesabu wote kama mtu mmoja. Kama tungekuwa na bloti peke yake bila PCR, ningeandika kwamba siRNA imeshindwa, nikaagiza nyingine.

Poliklonali imestaafu. Kilichobaki tumempa mwanafunzi wa shahada ya kwanza afanyie mazoezi, na kichupa kimeandikwa "UKOO WOTE WA GATA".

12 Mei: agizo la pili, na neno "panya"

Safari hii tulianza na swali la sehemu inayolengwa, bei ikafuata.

Ya kwanza ni monoklonali (kingamwili ya aina moja tu, si mchanganyiko) ya panya, inalenga mwanzo wa GATA1, mbali na vidole, ambako ndugu hawafanani. Shilingi 1,850,000.

Ya pili ni monoklonali ya sungura inayotengenezwa kwa mfuatano wa jeni unaojulikana, inalenga mwisho wa GATA1. Shilingi 2,300,000. Ghali, ila loti zake hazitegemei sungura mwingine wala seli zinazozeeka.

Halafu nikamtumia wakala ujumbe wa sauti: "Kaka, usisahau na kingamwili ya pili ya kumtambua panya, yenye HRP." Kingamwili ya pili hushika ile iliyoshika protini, kwa kumtambua mnyama iliyotoka, na HRP ni kimeng'enya chake cha kutoa mwanga. Naye hakusahau. Mtakumbuka sentensi hii hapo chini.

11 Juni: utando mweupe

Mizigo imefika kwa siku 30, na barafu bado barafu. Bloti ya kwanza kwa kingamwili ya panya: hakuna kitu. Utando mweupe pe, kama shuka la hospitali. Nikaongeza kingamwili mara mbili, nikaiacha ilale usiku kucha kwenye ubaridi. Mweupe.

Siku ya tatu fundi sanifu akasoma lebo ya kingamwili ya pili kwa sauti. Inamtambua yule panya mdogo wa nyumbani. Kingamwili yetu ya kwanza imetoka kwa panya mkubwa wa maabara, yule wa kwenye mitaro. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku wote ni panya, na wakala alileta panya anayeuzwa zaidi. Mwenye kosa ni mimi. Shilingi 480,000 zimekwenda, na 520,000 nyingine kwa ile sahihi. Tangu siku hiyo kila kitu hapa kinaandikwa PANYA MKUBWA au PANYA MDOGO kwa herufi kubwa, na maagizo yanakwenda kwa maandishi yenye namba ya bidhaa, si kwa sauti.

24 Juni: mweupe tena, sababu nyingine

Wakati tukisubiri, tukajaribu ile ya sungura kwa kingamwili ya pili ya kumtambua sungura tuliyokuwa nayo. Hiyo ilifanya kazi Machi na Aprili, kwa hiyo hatukuwa na hofu. Utando mweupe.

Hapa nilikaribia kukata tamaa, nikaanza kushuku kila kitu kwa mpigo: jeli, utando, seli, hata maji. Usifanye hivyo. Jaribio la dakika 2 lilitosha. Weka mikrolita 1 ya kingamwili ya pili kwenye mikrolita 500 za dawa ya mwanga, zima taa. Ikiwa HRP ni hai utaona mwanga wa buluu kwa macho yako. Sisi hatukuona kitu.

Mwanafunzi wa mafunzo, kijana mwenye bidii, alikuwa amesoma kwamba kingamwili zilizochanganywa zisioze huwekewa azidi ya sodiamu. Ni kweli, kwa kingamwili ya kwanza. Yeye akaitia na kwenye ya pili. Azidi huua HRP, na HRP ndiyo inayotoa mwanga. Alijitetea kwa adabu, "Samahani dada, nilitaka kuokoa," na ukweli ndio huo, alitaka kuokoa. Tulikuwa na kichupa cha akiba, kwa hiyo gharama ikaishia kwenye wiki moja na heshima yangu ya kujua kila kitu kilichomo kwenye jokofu. Kuna karatasi mlangoni sasa: azidi isikaribie HRP.

3 Julai: ndiyo hii

Utando mmoja umekatwa vipande viwili, njia zilezile nne: K562, K562 yenye siRNA isiyolenga kitu, K562 yenye siRNA ya GATA1, Jurkat.

Kingamwili ya panya mkubwa: bendi karibu 48 kwenye K562, nzima kwenye siRNA isiyolenga kitu, imebaki karibu robo kwenye siRNA. Jurkat tupu. Tupu kabisa, hata nilipouacha utando kwenye kamera dakika 10.

Sungura mpya: 48 vilevile, Jurkat tupu, siRNA imepungua. Ila kuna bendi ya pili, dhaifu, karibu 40, na yenyewe imepungua kwa siRNA.

Kipimo cha 2012 cha ENCODE, mradi wa kimataifa wa kuchambua sehemu za DNA ya binadamu zinazofanya kazi, kinataka bendi kuu ibebe angalau nusu ya mwanga wote wa njia yake. Panya mkubwa anapita kwa mbali. Sungura anapita, bendi ndogo ikiwa imehesabiwa kama ya kigeni. Mimi nadhani si ya kigeni. Ipo fomu fupi ya GATA1, inayoitwa GATA1s, inayoanzia asidi amino ya 84. Imekosa mwanzo, mwisho inao. Sungura anayetazama mwisho anapaswa kuiona, panya anayetazama mwanzo hapaswi, na siRNA yetu inalenga kipande ambacho fomu zote mbili wanacho. Mambo matatu yamekubaliana.

Fomu hiyo ina habari yake. Mwaka 2002 Wechsler na wenzake walikuta watoto wenye Down sindromu waliopata saratani fulani ya damu wana mabadiliko kwenye eksoni (kipande cha jeni) ya 2 ya GATA1, na seli za saratani zinabaki na fomu fupi tu. Maabara inayotumia kingamwili ya mwanzo pekee ingetazama seli hizo na kusema hakuna GATA1.

17 Julai: fomu fupi ya uongo

Niliahidi kukaa kwenye makosa, na hili ndilo lililokaribia kwenda mbali kuliko yote.

Seti mpya ya sampuli, siku kadhaa tofauti za ukuaji wa K562. Safari hii panya mkubwa naye akaonyesha bendi ya 40, tena nzito, kwenye sampuli za siku ya 4. Kijana wa mafunzo akafurahi: fomu fupi inaongezeka! Alishatengeneza mchoro. Nami, kwa uchovu, nilikuwa nimeshaanza kuutafutia maelezo.

Kisha nikajiuliza swali la kitoto: panya mkubwa anaionaje GATA1s? Anachokitambua kimo kwenye asidi amino 83 za mwanzo, na GATA1s haina hizo. Hawezi kuiona. Anachokiona basi ni kipande chenye mwanzo kilichokatwa mwisho. Yaani GATA1 iliyomeng'enywa.

Tukarudi nyuma kwenye daftari. Sampuli za siku ya 4 zilivunjwa jioni umeme ulipokatika, jenereta ikachelewa dakika 25, na kile kichupa cha dawa ya kuzuia vimeng'enya kilikuwa cha zamani, kimeyeyushwa mara nyingi kuliko nilivyohesabu. Tukavunja seli mpya na dawa mpya, kila kitu kwenye barafu. Bendi ya 40 ya panya ikapotea. Ya sungura ikabaki, dhaifu kama mwanzo.

Kingamwili mbili zenye shabaha tofauti zilitugharimu zaidi ya milioni 4, na kwa siku ile moja niliona zimelipa. Mchoro wa kijana tumeubandika ukutani, na yeye ndiye aliyeomba ubandikwe.

14 Agosti: kwenye kromatini

Bloti haikuwa lengo. Lengo ni ChIP, kazi ya kwenye kromatini (DNA pamoja na protini zilizoishika): kuigandisha GATA1 juu ya DNA inapokaa, kukata DNA vipande, kuinasa GATA1 kwa kingamwili, na kupima imekuja na vipande gani. Kingamwili nzuri ya bloti si lazima iwe nzuri hapa. Kwenye bloti protini imenyooshwa kama uzi. Hapa imejikunja, imefungwa kwa formaldehaidi, na pengine shabaha yako imejificha ndani.

Hatua za kawaida kwa ufupi: seli milioni 5 kwa kila mnaso, formaldehaidi asilimia 1 kwa dakika 10, glisini, kuosha, kukata kwa mawimbi ya sauti. Kukata kulitusumbua. Mashine yetu ni ya ncha moja, inachemsha sampuli na kutoa povu, na vipande vilibaki virefu zaidi ya jozi 1,000 za herufi za DNA. Barafu iliyotiwa chumvi, mapigo ya sekunde 10 na mapumziko ya sekunde 40, ncha izame vizuri: vikashuka kati ya 200 na 500.

Mahali pa kupimia palijulikana kabla. HS2 kwenye kituo cha udhibiti cha jeni za betaglobini (sehemu ya himoglobini), GATA1 hukaa pale kwenye K562. Na mahali pasipo na jeni karibu kwa ajili ya kulinganisha.

Sungura mpya: HS2 asilimia 0.9 ya kromatini tuliyoanza nayo, mahali patupu 0.06, kingamwili ya kawaida ya sungura isiyolenga GATA1 0.05. Nilikaa chini.

Panya mkubwa: 0.05 kila mahali. Kana kwamba hakuwapo.

Kumbe kweli hakuwapo. Shanga zetu za sumaku, za kuinasa kingamwili, zimepakwa protini A, inayomshika sungura vizuri na panya mkubwa vibaya sana, karibu si kitu. Kingamwili ilishika GATA1, kisha zote mbili zikamwagwa na maji ya kuoshea. Tukaagiza shanga za protini G, shilingi 1,900,000.

8 Septemba: protini G

Panya mkubwa kwenye shanga mpya: HS2 asilimia 0.6, mahali patupu 0.05. Yuko chini ya sungura lakini anaona kilekile, na kwa K562 zenye siRNA ya GATA1 anashuka hadi 0.2. Sungura naye, kwa seli zilezile, ameshuka kutoka 0.9 hadi 0.25. Hapo ndipo niliposaini ukurasa.

Kwa atakayefuata njia hii, hesabu mpaka leo, bila kuhesabu plastiki, chakula cha seli na bajaji: shilingi 11,700,000. Katika hizo, 3,530,000 ni poliklonali, dawa ya mafuta na panya mdogo, yaani vitu ambavyo usingevinunua kama ungesoma ukurasa huu kwanza. Ukiwa na fedha ya kingamwili moja tu, nunua ya sungura ya mwisho wa protini, na ukope hata mikrolita 5 za nyingine kwa jirani kwa ajili ya kulinganisha. Jurkat usizikope, zikuze mwenyewe.

ACKR1 bado hatujaigusa. Hiyo inataka seli changa za damu kutoka kitovuni, za wenye Duffy na wasio nayo, na maombi ya kibali cha maadili yako mezani kwa wahusika.

19 Septemba: loti mpya

Panya mkubwa amebaki vichupa viwili, tumeongeza. Loti imebadilika. Sikuitumia kwenye kazi yoyote kabla ya njia nne zilezile za Julai: bendi ya 48 ipo, siRNA imeipunguza, Jurkat tupu. Ila mwanga ni hafifu, na 1:1,000 (kiwango cha kuizimua kingamwili) ya loti ya zamani ni kama 1:500 ya hii. ChIP yake tutaifanya Jumatano.

Fundi sanifu ameshaandika vichupa kwa kalamu isiyofutika: PANYA MKUBWA, loti 2, 1:500, CHIP BADO.